Asivute Mtu Mpaka Aniulize

Bi Mwanarehema, mshauri wetu mpendwa,

Salaam aleikum. Ukurasa wako nimeusoma tangu nilipokuwa chuoni, na nakiri kwamba mara nyingi niliwacheka wanaokuandikia, maana niliona majibu ya shida zao yamekaa mbele ya macho yao wenyewe. Leo zamu ni yangu, na langu sijui kama haliko wazi au ni mimi ninayelifumbia macho.

Mimi ni mhandisi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mkazi wa Kisauni, na kampuni yetu huweka vifaa vya usalama viwandani. Mwezi wa Februari tuliitwa Changamwe, katika kiwanda kinachosafisha mbaazi na pojo za kupelekwa ng'ambo. Pale kuna mkanda wa mpira wa urefu wa mita arubaini, unaopitisha nafaka mbele ya wanawake thelathini waliokaa huku na huku, wakiokota vijiwe na punje mbovu. Mkanda ule ulikuwa na kitufe kimoja tu cha kuuzimia, kule mwanzo, alipokaa msimamizi. Kazi yangu ilikuwa kuweka kamba ya dharura, yaani waya wa chuma uliovikwa plastiki nyekundu, unaopita kando ya mkanda mzima kwa pande zote mbili, ili mtu yeyote, popote alipokaa, akiona hatari anyooshe mkono avute na mkanda usimame.

Wanawake wale walinipokea kama mtoto wao. Mkubwa wao ni Mama Nyevu, aliyefanya kazi pale miaka ishirini na sita, na kila asubuhi aliniwekea mahamri mawili yaliyofungwa kwenye gazeti akisema injinia mwembamba hivi akivuta waya atavutwa yeye. Walinitania kutwa. Mmoja aitwaye Eddah alinifuata na mkasi mkononi, “Injinia, nikatie kipande nikamfungie mume wangu, yule naye akishatoka nyumbani hana swichi,” na jengo zima likacheka, nami nikacheka hadi nikaangusha spana.

Siku ya tatu ya majaribio, ilipofika saa saba mchana, mkanda ukaanza kusimama wenyewe. Ukiwashwa, dakika kumi hazipiti, umesimama tena. Paa la pale ni la mabati na ilikuwa kaskazi; nilishuku kwamba waya unarefuka kwa joto na kulegea, na swichi zangu, ambazo zimeundwa kuuzima mkanda hata kamba ikilegea, zinadhani kuna hatari. Lakini shaka si ushahidi, kwa kuwa wanawake nao walikuwa wageni wa kamba, wengine wakiigusa kwa viwiko, wengine wakiivuta kwa kutaka kujua tu, na mimi nilihitaji kutenganisha kusimama kwa joto na kusimama kwa mkono wa mtu. Ndipo nikapanda juu ya kreti, nikapaza sauti: “Jamani, kuanzia sasa asivute mtu kamba hii mpaka aniulize mimi kwanza.” Wakaitika wote. Mama Nyevu akageuka nyuma akaongeza, “Mmesikia? Mwenye kamba kashasema.”

Kumbe lilikuwa joto kweli. Nilibadilisha springi, nikapunguza masafa baina ya swichi na swichi, na tatizo likaisha. Siku ya mwisho niliwapa mafunzo ya dakika ishirini, nikawaambia ukiona hatari, vuta. Wakatia sahihi, tukapiga picha, nikaenda zangu kuanza kazi nyingine Miritini. Sikuwaambia kwamba ile amri ya juu ya kreti imekwisha. Nilidhani imekwisha yenyewe, kwa kuwa kwangu ilikuwa imekwisha.

Kwao haikwisha. Mimi nilipoondoka, na kwa kuwa lazima aulizwe mtu, wakawa wanamuuliza mkubwa wao. Nisingejua haya lau si Jumanne moja ya mwezi uliopita, ambapo Kache, mwanamke wa makamo aliyekaa karibu na rola la mwisho linalouzungusha mkanda, aliinama kuokota kijiwe, leso aliyojitanda ikamteleza, pindo likaingia kwenye rola, na mkono ukafuata pindo. Aliyekaa naye ni Judy, mwenye miezi miwili tu kazini, ambaye hakuwapo nilipofundisha, bali alifundishwa na wenziwe. Judy aliishika kamba mara moja. Kisha akageuza shingo.

“Mama Nyevu, samahani, nivute?”

“Wasemaje, mwanangu?”

“Kache kashikwa! Nivute?”

“Vuta! Vuta basi!”

Kamera ya kiwanda haina sauti. Inaonyesha mwanamke ameshika kamba sekunde saba bila kuivuta, akitazama upande mwingine. Kache amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Nilikwenda kumtazama hospitalini siku ya pili. Alinikaribisha yeye, Bi Mwanarehema, akanisogezea kiti kwa mkono wake mzima, akaniuliza, “Injinia, kamba yako ilifanya kazi?” Nikasema ilifanya. Akasema, “Mungu akuzidishie. Daktari asema ingechelewa kidogo tu, ungekwenda mkono mzima.” Halafu akaniuliza kama kwa ujuzi wangu naona ataweza tena kumsuka bintiye, ambaye ana nywele nyingi na hataki kusukwa na mtu mwingine. Nilisema inshallah. Shukrani yake niliipokea kimya, nikatoka nayo, na tangu siku hiyo naibeba kama kitu nilichokiiba.

Uchunguzi ulipoanza, meneja wa kiwanda, Bwana Mramba, aliwaita wanawake ofisini mmoja mmoja, nami nilikuwapo kama mtaalamu. Judy alilia, akasema aliomba ruhusa kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Bwana Mramba akamgeukia Mama Nyevu: “Nani kawaambia muombe ruhusa?” Mama Nyevu alinitazama mara moja, kisha akaitazama meza. “Ni mimi, bwana. Ni adabu tu. Kwetu mdogo hasimamishi kazi ya wakubwa bila kuomba.” Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika alivyosema.

Nilimfuata hadi langoni, nikamuuliza kwa nini, na jibu lake nalinukuu kama lilivyo: “Mwanangu, mimi nimebakisha miezi minane nipumzike. Wewe ndiyo kwanza waanza. Nenda kale, umekonda.”

Jumatatu ya wiki ijayo kuna kikao cha mwisho. Inavyoelekea, Mama Nyevu atafukuzwa kwa kosa, Judy naye pamoja naye, na ripoti itamtaja Mama Nyevu kuwa sababu ya vidole vya Kache. Ripoti hiyo ninatakiwa niitie sahihi. Na jambo jingine nimelisikia kwa Eddah: Kache, ambaye aliingizwa kazini kwa mkono wa Mama Nyevu, ameagiza kwamba mama huyo asije tena kumtazama.

Daftari langu la kazi ninalo. Ukurasa wa siku ile ya tatu nimeandika kwa mkono wangu, “Nimewaagiza wasivute bila idhini yangu hadi suala la joto lijulikane.” Hakuna mwingine anayeujua ukurasa huo isipokuwa mama yangu mzazi, ambaye nilimsomea nikilia, naye akanifuta machozi na kuniambia, “Fairuz, Mwenyezi Mungu kakusitiri. Aliyesitiriwa hajifunui. Lifunge daftari lako uswali.”

Na mimi sijui. Labda mama yuko sawa. Labda ni kiburi changu kudhani kwamba sentensi moja niliyoisema miezi sita iliyopita ina nguvu ya kukata vidole, ilhali kulikuwa na leso, kulikuwa na kinga ya rola yenye mwanya, na kulikuwa na adabu ambayo Mama Nyevu hakusema uongo kuihusu, kwa sababu kweli ipo na mimi pia nimelelewa nayo. Na liko jambo linaloninyima usingizi kuliko yote: wenye viwanda hawazipendi kamba hizi, wanaona zinawasimamishia kazi, na hivi sasa nina mikanda minne Miritini inayongoja kufungiwa kamba zake. Nikisema kosa ni langu, labda watasema, mmeona, hata mwenye kamba hajui kamba, na mikanda ile itabaki bila kitu. Je, kunyamaza kwangu hakuwalindi wengi? Nauliza swali hili, kisha nasikia jinsi linavyonipendelea, na siliamini tena.

Nifanye nini, Bi Mwanarehema? Nifunue, au niache lililositiriwa libaki?

Mimi binti yenu,
F., Kisauni

*

MSHAURI ANAJIBU

Wa aleikum salaam, binti yangu F. Jina lako mama yako ameliachilia ndani ya barua, nami nimeliacha lilivyo kwa idhini yako uliyonipa kwa simu. Ya wengine nimeyabadilisha.

Kwanza pokea pole yangu. Mtu asiyejali asingekumbuka rangi ya kamba wala idadi ya mahamri. Pole pia kwa Kache, na kwa Judy, ambaye naona hakuna aliyemkumbuka katika dua zake, hata wewe.

Pole imekwisha, sasa nikukaripie kidogo. Barua yako imejaa “labda” kama vijiwe kwenye mbaazi ambazo hazijapita mkandani, na kila nikiokota moja, chini yake naikuta punje ileile: wajua la kufanya. Mtu mwenye shaka ya kweli hatunzi daftari. Angeshalipoteza siku nyingi.

Wauliza kama sentensi moja yaweza kukata vidole. Haiwezi peke yake, na mimi sikuambii ukasimame Jumatatu ukasema “mimi ndiye niliyemkata Kache,” maana huo nao ungekuwa uongo, tena uongo wa kujipamba. Leso ilikuwapo. Mwanya wa kinga ulikuwapo, na ningekuwa Bwana Mramba ningeona haya kuwauliza wanawake maswali kabla ya kuuziba. Lakini amri yako ilikuwapo pia, ikatoka mdomoni mwako ikaingia mdomoni mwa Mama Nyevu, ikaingia kwa Judy ambaye hajawahi kukuona, na siku ilipohitajika iliuzuia mkono wake. Sema sehemu yako kwa ukubwa wake. Usiipunguze wala usiikuze.

Na uelewe kosa lilikuwa wapi, maana naona bado hujaliona sawasawa. Kutoa amri hakukuwa kosa. Ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nzuri. Ulichosahau ni watu uliokuwa ukisema nao. Sisi watu wa pwani, mwanangu, mgeni akituambia neno kwa heshima hatulitupi eti kwa kuwa kaondoka. Twaliweka. Ukimwambia mtu wa kwetu “usifungue mlango huu mpaka nirudi,” ukasafiri, utakuja kuukuta umefungwa, naye ameketi nje mvua ikimnyeshea. Wewe umezaliwa papa hapa, umelelewa na “abee” na “shikamoo,” halafu ukapanda kreti ukasema kama mtu aliyesoma kitabu tu. Amri yetu haifi mpaka aliyeitoa arudi kuizika.

Sasa tuje kwa mama yako, ambaye namheshimu, na ambaye amesema yale ambayo mama yeyote angemwambia mwanawe anayelia. Sitara ni neema, na anayesitiriwa katika jambo lililo baina yake na Mola wake haifai alitangaze barazani. Lakini hebu tazama shuka uliyofunikwa ni ya nani. Ni ya Mama Nyevu. Ameivua mwilini mwake akakutupia wewe, na sasa yeye amebaki wazi mbele ya Bwana Mramba, mbele ya Judy, na mbele ya Kache ambaye hataki hata kumwona. Hapotezi tu ile miezi minane aliyobakisha. Anapoteza mtu aliyemshika mkono akamleta kazini. Ukimweleza mama yako hivyo, kwa upole, nadhani atakuvisha buibui mwenyewe akutoe nje. Na kama hatakubali, mbusu mkono, kisha utoke.

Kuhusu mikanda ya Miritini, hilo ndilo nililolifikiri kwa muda mrefu zaidi, na sitajifanya nina hakika. Huenda wakatumia ukweli wako kama fimbo. Lakini soma tena barua yako. Kamba ilipovutwa, mkanda ulisimama. Kache mwenyewe kakushukuru kwa hilo, na shukrani ile hukuiiba, ni haki ya waya na springi zako. Kilichoshindwa ni mafunzo. Ripoti ikiandika kwamba ni Mama Nyevu, watamfukuza Mama Nyevu, na huko Miritini utafunga kamba mpya, utafundisha dakika zako ishirini, na wanawake wa huko watageuza shingo vilevile. Umeshaona nini hutokea shingo ikigeuka. Je, huko nako utangoja vidole?

Basi sikiliza. Gazeti hili latoka Jumamosi na kikao chenu ni Jumatatu, kwa hivyo una leo na kesho tu. Leo andika ukurasa mmoja, usizidi, ueleze siku ya tatu ilikuwaje, ulisema nini, na hukuwahi kutangua. Ambatanisha nakala ya ule ukurasa wa daftari. Mpe bosi wako ausome kabla ya wengine, asije akaaibika mbele za watu. Akikuambia nyamaza, mwambie ahsante, na uupeleke.

Kesho, Mama Nyevu akitoka kanisani, uwe umekaa kibarazani kwake. Usimwendee na hotuba. Chukua mahamri, mengi, maana zamu ni yako, na umwambie unachokwenda kufanya. Atakukataza. Atakuambia umekonda. Usibishane naye wala usimwombe ruhusa. Mwache aseme, umalize chai, na mkiondoka muondoke wawili mpaka kwa Kache. Huko wewe utangulie kuingia, na yeye aingie baada ya wewe kusema. Kache akikasirika, ana haki. Usimwambie aache kulia, wala usimwahidi kuhusu nywele za bintiye kitu usichokijua. Kaa hapo tu.

Jumatatu useme, kwa sauti ileile uliyoitumia juu ya kreti. Huenda likakugharimu, sikufichi. Huenda mikanda ya Miritini akapewa mwingine. Nitafurahi nikikosea.

Halafu, hata kama watakuwa wamekutoa kazini asubuhi yake, omba nusu saa na wale wanawake thelathini. Waambie kwa kinywa chako kwamba amri yako imekwisha. Kisha kila mmoja, kuanzia Judy, avute kamba bila kukutazama, bila kumtazama Mama Nyevu, bila kusema samahani, mkanda usimame, uwashwe, avute mwingine. Mara thelathini. Msimamizi atapiga kelele kwamba mbaazi zinachelewa. Mwache apige.

Na la mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona picha moja: mwanamke kaishika kamba barabara, kilichobaki ni kuvuta tu, naye kageuza shingo akiuliza, “Bi Mwanarehema, nivute?” Hata mimi umenifanya Mama Nyevu, ewe mtoto. Sikutaka cheo hicho, wala kamba hiyo haikuhitaji idhini yangu. Lakini umeshauliza, na sekunde zinakwenda.

Vuta, mwanangu. Vuta basi.